Barua zenu: "Nimesoma PMP miezi minne na bado nagota kwenye 60"

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya PMP, kile cheti cha usimamizi wa miradi kinachotolewa na PMI, taasisi ya usimamizi wa miradi ya Marekani, na barua zikaja nyingi hadi nikashindwa kuzisoma zote kwa siku moja. Nimechagua tano ambazo naona zinabeba maswali ya wengi. Majina nimeyaondoa kama mlivyoomba.

Shikamoo dada. Mimi nina diploma ya ujenzi, niko saiti mwaka wa saba sasa, nimezunguka Dodoma, Singida na Manyara kwenye miradi ya maji na madarasa. Kwenye mkataba naitwa fomani, ila kiukweli mkandarasi akishaondoka mi ndo napanga mafundi, naagiza saruji, nakaa vikao na wahandisi wa halmashauri. Wenzangu wananiambia PMP ni ya watu wenye digrii na cheo cha meneja mradi, nisijisumbue. Ni kweli? (Fomani, Dodoma)

Marahaba mdogo wangu. Si kweli, na nakuomba usiwasikilize kwa hili. Mwenye digrii anatakiwa awe na miezi 36 ya kuongoza miradi, na asiye na digrii, yaani mwenye diploma kama wewe au cheti cha sekondari, anatakiwa miezi 60, yote iwe ndani ya miaka 8 iliyopita. Wewe una miaka saba, kwa hiyo mlango uko wazi. Cheo hawakiangalii kabisa, wanaangalia ulifanya nini. Ongeza masaa 35 ya mafunzo ya usimamizi wa miradi, hata ya onlaini yanakubalika, basi.

Watu wanachokosea ni kuhesabu. Kama mwaka mmoja ulikuwa na mradi wa kisima na mradi wa madarasa kwa pamoja, ile miezi iliyogongana inahesabiwa mara moja tu, sio mara mbili. Chukua karatasi uchore miezi, Januari mpaka Desemba, mwaka kwa mwaka, utie alama kila mwezi uliokuwa na mradi. Jumla ya alama ndo miezi yako.

Alafu kwenye maelezo usiandike kama unavyoongea saiti. Ukiandika "nilisimamia mafundi na kuhakikisha kazi inaenda" hawaoni uongozi pale. Andika lengo la mradi lilikuwa nini, wewe ulifanya nini tangu kuanza, kupanga, kutekeleza, kufuatilia mpaka kufunga, na mwisho wake ulikuwaje. Mfano wa saiti ambao naamini umekutana nao huu hapa: siku nondo zimechelewa wiki mbili ukahamisha kundi la mafundi waende kwenye msingi wa darasa la pili ili wasikae bure, hiyo kwa lugha ya mtihani ni kupanga upya ratiba na rasilimali. Umeifanya mara ngapi bila kujua ina jina? Andika.

Na jambo moja la haraka: PMI huchagua baadhi ya maombi kwa bahati nasibu ili wayakague. Ukichaguliwa unapewa siku 90 kuleta nakala za vyeti na uthibitisho wa waliokusimamia kwenye kila mradi uliouandika. Kwa hiyo kabla hujabonyeza kutuma, wapigie simu hao watu wote, hata yule mkandarasi mlioachana vibaya, uone kama atakubali kuthibitisha. Kama hatakubali tafuta mwingine aliyekuwepo kwenye mradi huo huo na anaijua kazi yako.

Hujambo dada. Mimi niko Nairobi, nafanya kazi na shirika moja la misaada, miradi ya afya. Nimesoma miezi minne, kitabu nimekimaliza mara mbili, ile michakato 49 ya kuendesha mradi naijua yote kwa kichwa hata ukiniamsha usiku. Lakini kila nikifanya mtihani wa majaribio napata 58, 61, 60. Haipandi. Na mtihani nishaubuku. Shida yangu ni gani? (Mwenye kuchoka, Nairobi)

Sijambo, pole sana kwa uchovu. Barua yako ndo imenifanya niandike toleo hili lote, manake naijua hiyo 60, inakaa pale pale kama gari iliyonasa kwenye tope.

Michakato 49 ni ya toleo la sita la mwongozo wa PMI, la 2017. Toleo la saba la 2021 liliiweka kando likaja na kanuni 12 na maeneo 8 ya utendaji. Kuijua si hasara, inakupa ramani, ila mtihani ulioanza Januari 2021 haukuulizi mchakato wa 23 unaitwaje. Unakupa kisa, alafu unakuuliza ungefanya nini. Kwenye mtihani huo wa 2021 asilimia 42 ya maswali ni ya watu, 50 ya mchakato, 8 ya mazingira ya biashara, na karibu nusu ya mtihani wote ni ajaili (kazi inayoenda kwa awamu fupi fupi, mpango ukirekebishwa njiani) au mseto (mchanganyiko wa ajaili na kupanga yote mwanzoni). (Hivi vipimo hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo wewe na wengine wote pakueni muhtasari wa maudhui unaotumika kwa tarehe yenu ya mtihani, unapatikana bure kwa PMI.)

Sasa ngoja nikupe kisa nilichotunga mwenyewe, kijibu kabla hujaendelea kusoma. Unaongoza mradi wa mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, skopu, yaani orodha ya kazi zilizokubaliwa, imeshapitishwa. Mkuu wa idara moja amemfuata programa wako moja kwa moja akamwomba aongeze ripoti mpya, na programa ameshaanza kuitengeneza. Ufanye nini kwanza? Moja, umripoti mkuu wa idara kwa sponsa, yule mkubwa aliyeidhinisha mradi. Mbili, umwambie programa aache mara moja na umpe onyo. Tatu, ukae na programa uelewe kilichoombwa na athari yake kwa muda na gharama. Nne, uiongeze ripoti kwa sababu mkuu ni mdau muhimu.

Watu wengi wa kwetu niliowafundisha wanachagua ya kwanza au ya nne, na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Na sio ujinga, ni mazoea ya kazi zetu. Maofisini kwetu mkubwa akiomba kitu unafanya, na mkubwa akikukwaza unaenda kwa mkubwa wake. Mtihani unataka mtu wa aina nyingine: meneja ambaye tatizo likitokea analishika yeye kwanza, anaelewa chanzo, anapima athari, anaongea na wahusika uso kwa uso, alafu ndo anafuata utaratibu, hapo ni ombi la mabadiliko lipite kwenye kamati yake. Kwenda kwa sponsa ni pale jambo limezidi mamlaka yako kweli. Jibu ni la tatu.

Na ungeambiwa timu hiyo inafanya kazi kwa skramu, aina mojawapo ya ajaili, jibu lingebadilika, hamna kamati pale, ombi linapelekwa kwa mwenye bidhaa (anayeamua kipi kitengenezwe kwanza) aliweke kwenye bekilogi, ile orodha ya kazi zinazosubiri, alipange kwa umuhimu. Ndo maana kila swali kabla hujaangalia majibu jiulize, huu mradi ni wa kupanga yote mwanzoni au ni ajaili? Neno moja tu, "sprinti" (awamu fupi ya kazi kwenye skramu) au "mpango uliopitishwa", linageuza jibu.

Kwa hiyo wiki tatu hizi weka kitabu pembeni. Nunua daftari la kaunta. Kila swali ulilokosa liandikie mistari mitatu: kwa nini nilichagua nilichochagua, kwa nini jibu lao ni bora, na ni neno gani kwenye swali nililipita. Usiandike jibu sahihi tu ukafunga, hiyo haikusaidii. Baada ya maswali kama mia utaanza kuona makosa yako ni ya familia mbili tatu tu. Kuna dada mmoja niliyemsaidia, kwenye daftari lake mstari wa kwanza ulijirudia kurasa nne mfululizo: "nilikimbilia kwa bosi, nilikimbilia kwa bosi". Siku alipoiona hiyo kwa macho yake alikaa kimya muda mrefu, alafu akaniambia, dada hata kazini ndo nafanya hivi. Alama zake zilipanda kuanzia hapo.

Tena angalia neno la kuuliza lenyewe. Wakiuliza ufanye nini KWANZA, majibu mawili au matatu yanaweza kuwa sahihi yote, ila moja tu linatangulia. Wakiuliza ungepaswa kuwa UMEFANYA nini, wanataka kinga ya nyuma, sio dawa ya sasa. Sisi tunasoma Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu na mtihani kwa Kiswahili haupo, kwa hiyo soma sentensi ya mwisho ya swali kwanza, alafu rudi juu usome kisa ukijua unatafuta nini. Inapunguza kusoma mara tatu tatu.

Hesabu zisikutishe, zinakuwa chache. Hii moja ukiielewa umemaliza sehemu kubwa: mradi wa visima 10, kila kimoja shilingi milioni 10, jumla milioni 100. Leo ulitakiwa uwe umemaliza 5, umemaliza 4, na umeshatumia milioni 48. Kazi iliyofanyika ina thamani ya milioni 40. Gawanya 40 kwa 48 unapata 0.83, maana yake kila shilingi unayotoa inakurudishia kazi ya senti 83. Gawanya 40 kwa 50, thamani ya vile visima 5 ulivyotakiwa uwe umemaliza, unapata 0.8, umechelewa. Ukiendelea na mwendo huo huo, milioni 100 gawanya kwa 0.83 mradi utaishia kwenye kama milioni 120. Chochote chini ya 1 ni kibaya. Fanya hii na visima, na madaftari, na magunia, mpaka mkono uzoee.

Muda, kwa mtihani huo ulioanza 2021: maswali 180 kwa dakika 230, kuna mapumziko mawili ya dakika 10, baada ya swali la 60 na la 120. Ukishakubali kupumzika huwezi kurudi kwenye yale 60 uliyoyaacha. Kila fungu lipe dakika 75 hivi, ukifika 60 ukiwa na zaidi ya hapo jua unakaa sana kwenye swali. Na pumzika kweli, inuka, kunywa maji, hata kama unajisikia uko vizuri, manake fungu la tatu ndo linaangusha watu.

Tarehe uliyobuku usiibadilishe bado. Fanya daftari wiki mbili, alafu fanya mtihani mmoja mzima wa majaribio, maswali 180 kwa kukaa kimoja. Ukifika sabini na kitu nenda. Ikibaki 60 sogeza, ila usingoje dakika za mwisho, ukiahirisha zikiwa zimebaki siku 30 au chini ya hapo kuna ada ya kulipia na ukichelewa kabisa unapoteza ada yote.

Dada habari za kazi. Mshahara wangu ni mdogo, ofisi imekataa kunilipia. Kuna grupu la WhatsApp wanauza "maswali halisi ya mtihani" kwa bei ndogo sana, wanasema ukikariri hayo unafaulu bila kozi. Je, ninunue? Na kwa hali yangu PMP ina faida au nianze na kidogo? (Msomaji, Mwanza)

Nzuri. Usinunue. Naongea kwa uchungu kwa sababu nimeshaona mtu akilia kwa jambo hili. Kwanza ukiomba mtihani unakubali masharti ya kutotumia wala kusambaza maswali ya mtihani, PMI wakigundua wanafuta matokeo au wanakunyang'anya cheti. Pili hayo maswali mengi yana majibu ya uongo, mtu ameyatunga tu, unakariri ujinga kwa hela yako. Tatu, na hili ndo linaniuma zaidi, utaingia ofisini na cheti ambacho kichwa hakina, na siku mradi wa watu unaporomoka hakuna wa kukuokoa.

Faida inategemea uko wapi. Fungua matangazo ya kazi kumi unazozitamani, hesabu mangapi yametaja PMP. Yakiwa saba, okoa pole pole. Yakiwa mawili, hela hiyo ina kazi nyingine kwa sasa. Kama bado hujaongoza miradi vya kutosha ipo CAPM, cheti cha wanaoanza cha PMI hao hao, haidai uzoefu, masaa 23 ya mafunzo na cheti cha sekondari vinatosha, maswali 150 kwa saa 3. Na kama maisha yako yote ni kwenye mashirika ya maendeleo, kuna cheti cha Project DPro cha shirika la PM4NGOs, kimetengenezwa kwa miradi ya aina hiyo, watu wetu wengi hawakijui.

Kupunguza gharama, piga hesabu ya kujiunga uanachama wa PMI kwanza, ada ya mtihani kwa mwanachama ni ndogo na unapakua mwongozo bila kulipia zaidi. Uliza pia tawi la PMI la Tanzania, matawi huwa na makundi ya kusoma pamoja, na kusoma na watu kunashinda kusoma peke yako na kitabu usiku.

Assalam alaykum. Niko Muscat, naishi na wenzangu watatu nyumba moja. Nifanyie mtihani nyumbani au kituoni? Na pasipoti yangu ina majina matatu ila akaunti ya PMI nilijaza mawili. (Kijana wa Tanga, Oman)

Waalaykum salaam. Nenda kituoni, ndugu yangu. Mtihani wa nyumbani kupitia Pearson VUE, kampuni inayoendesha mtihani huu, unataka chumba kisicho na mtu mwingine hata sekunde, meza tupu, hakuna karatasi wala kalamu, simu mbali, na kamera inakuona muda wote. Mwenzako akifungua mlango kuulizia chaja, mtihani unaweza kusitishwa hapo hapo. Na kama una tabia ya kusoma huku midomo inacheza utaonywa, wengi wetu tuliosoma madrasa tunayo hiyo bila kujijua, inabidi uifanyie mazoezi ya kuiacha. Kituoni unapewa na kibao cha kuandikia.

Jina rekebisha leo, sio wiki ya mtihani. Jina kwenye akaunti lifanane na la kitambulisho utakachoenda nacho. Jina la babu kwa sisi ni la kuongezea tu, kwao ukionekana wawili tofauti wanaweza kukurudisha mlangoni na ada imeenda.

Dada, nimefeli. Ripoti imeandika sehemu ya watu nahitaji kuboresha, mchakato niko chini ya lengo, biashara niko kwenye lengo. Mume wangu ndiye aliyelipa. Ni siku ya sita leo, nimemwambia matokeo hayajatoka. Nashindwa hata kuifungua laptopu. (Mama, Mombasa)

Pole mama, pole sana. Na mimi nilifeli mara ya kwanza. Enzi zetu ilikuwa maswali 200 kwa saa 4, nikatoka kwenye kile chumba msichana wa mapokezi akanipa karatasi imekunjwa, nikaifungulia kwenye ngazi. Nikairudisha kwenye mkoba chini kabisa, chini ya kanga, nikakaa nayo siku tisa bila kumwambia mtu. Nilipoitoa ndo nikaona nilikuwa vizuri kwenye kupanga, na nimeanguka kwenye kutekeleza, ambako ndo kulikuwa na maswali mengi kuliko kote. Nilikuwa nimekariri mipango yote na sijui kukaa na watu wanaogombana. Nilirudi baada ya miezi miwili nikafaulu, na nilichosoma kati hapo kilikuwa karibu chote cha hiyo sehemu moja.

Yako inasema hivyo hivyo. Watu ni sehemu kubwa ya mtihani, na ndo ulikoanguka zaidi. Migogoro ya timu, mtu asiyetimiza kazi yake, mdau anayepinga, timu iliyo nchi tatu tofauti, anza huko. Soma nilichomjibu wa Nairobi kuhusu daftari, na lako liwe la maswali ya watu tu kwa wiki tatu za mwanzo. Alama za kufaulu PMI hawazitangazi kwa namba, kwa hiyo usikae kujiuliza ulikosa kwa ngapi. Una nafasi tatu ndani ya mwaka mmoja tangu ombi lako likubaliwe, umetumia moja, na ada ya kurudia ni ndogo kuliko ya kwanza.

Mwambie baba watoto leo. Mwambie ukiwa na hiyo ripoti mkononi, umwonyeshe na sehemu uliyofanya vizuri, na tarehe unayofikiria kurudia. Kukaa nayo peke yako kunakula nguvu ambayo ungeisomea, mi zile siku tisa sikusoma hata ukurasa.

Alafu barua yako haikusema kama muda ulikutosha au ulimalizia maswali kwa kubahatisha, na kama ulifanyia nyumbani au kituoni. Niandikie hayo mawili, nitakujibu mwenyewe bila kungoja toleo lijalo.